Kiwewe, msongo wa mawazo na macho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Maswali haya hujirudia kwenye mabenchi ya kliniki za macho na kwenye mazungumzo ya baada ya foleni, pale mtu anapopata ujasiri wa kuuliza alichoshindwa kumwuliza daktari. Msongo wa mawazo ni mzigo wa kila siku: ada, madeni, ugomvi wa nyumbani. Kiwewe ni kile kinachobaki baada ya tukio la kutisha: ajali, kipigo, chombo kuzama, kifo ulichokishuhudia. Vyote viwili hufika machoni, kila kimoja kwa njia zake. Kama uoni wako umekatika ghafla leo hii, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye swali la dalili za kukimbilia hospitali.

## Mambo ya msingi

Mawazo yanaweza kweli kumfanya mtu asione vizuri?

Ndiyo. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Adrenalini hupanua mboni na kubadilisha namna jicho linavyolenga, lakini hali hiyo hupita. Kortisoli ikikaa juu kwa wiki na miezi hupandisha presha ya damu na sukari, na vyote viwili huishia kuliumiza jicho. Halafu kuna ubongo. Jicho hupokea mwanga tu. Picha yenyewe huundwa kisogoni, na kazi hiyo inaweza kuvurugika hata jicho likiwa zima kabisa.

Hata hivyo neno "mawazo" tunalitumia ovyo. Mtu wa miaka 45 anayesogeza simu mbali ili asome ujumbe karibu kila mara anahitaji miwani ya kusomea, awe na mawazo au asiwe nayo. Bibi ambaye ukungu umemwingia polepole kwa miaka huenda ana mtoto wa jicho. Kumwambia "punguza mawazo" ni kumcheleweshea matibabu. Jicho lipimwe kwanza, ya moyoni yafuate.

Kipimo kidogo cha nyumbani: toboa karatasi ngumu kwa sindano, ziba jicho moja, tazama kalenda ya ukutani kupitia kitundu hicho. Maandishi yakitulia na kusomeka, yaelekea shida ni ya miwani. Yasipobadilika, usikawie kumwona daktari.

Nikishikwa na hofu naona ukungu na mwanga unaniumiza. Kwa nini?

Mboni iliyopanuka huingiza mwanga mwingi, na msuli unaoiwezesha lenzi kulenga vitu vya karibu hulegea. Ukipumua haraka haraka, kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu na mishipa ya ubongo husinyaa. Ndipo vinapokuja vimulimuli, kizunguzungu na ganzi ya vidole. Kaa chini, vuta pumzi polepole, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Ndani ya dakika chache mambo hutulia.

Aliyepitia kiwewe hupatwa na haya hata pasipo hatari yoyote. Kwa aliyenusurika ajali njia ya Pongwe, tairi kupasuka mtaa wa pili kunatosha. Macho yake hayapumziki: yanakagua mlango, kona, mikono ya watu. Jioni paji la uso linauma na kope ni nzito, kama mlinzi ambaye hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Miwani haitibu uchovu huo, ingawa wengi hununua.

Presha ya macho ndiyo hiyo hiyo presha ya damu?

Siyo. Presha ya macho ni msukumo wa majimaji yaliyo ndani ya jicho, na kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Mshipa wa fahamu wa jicho ukianza kufa, mara nyingi kwa sababu ya msukumo huo, ndiyo glakoma. Mtu anaweza kuwa na presha moja bila ya nyingine, na vidonge vya presha ya damu si tiba ya glakoma.

Msongo unaweza kupandisha presha ya damu, na presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Glakoma ya kawaida hailetwi na mawazo. Haiumi, hula uoni kuanzia pembeni, na huwaandama zaidi watu wa asili ya Kiafrika, waliovuka miaka 40 na wenye ndugu wa damu waliougua. Kama baba yako alipofuka kwa presha ya macho, kapimwe hata kama unaona nyuzi kwenye sindano. Ipo aina nyingine, ya ghafla, ambapo kupanuka kwa mboni kwa sababu ya giza, hofu au dawa huziba njia ya maji. Hiyo imeelezwa kwenye dalili za kukimbilia hospitali.

Jicho langu linacheza. Ni habari gani inakuja?

Wengine husema mgeni, wengine kilio, na mitaa haikubaliani ni la kulia au la kushoto. Kitabibu ni msuli mdogo wa kope unaojikaza wenyewe kwa kukosa usingizi, msongo au kahawa nyingi. Kwa mtu wa kijiweni anayeshusha vikombe vya kahawa chungu asubuhi na baada ya isha, pa kuanzia panajulikana. Huisha kwa siku au wiki. Mwone daktari kama kope linafumba kabisa, au kama shavu na mdomo vinacheza upande huo huo.

Kulia sana kunapofusha?

Machozi hayapofushi. Kope huvimba, macho huwa mekundu, kesho yake nafuu. Wanaouliza mara nyingi ni waliofiwa, na wengi hukitaja kisa cha Nabii Yaakub katika Sura Yusuf, ambaye macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni ya mwanawe, kisha uoni ukamrudia. Kisa hicho ni cha imani na sina la kukipunguza. Ninachosema ni kwamba mjane wa leo anayeona weupe mbele ya macho apimwe mtoto wa jicho, maana huondolewa kwa upasuaji mfupi.

Msiba hufanya jambo jingine ambalo halisemwi: watu huacha dawa. Vidonge vya presha na sukari husahaulika kabatini, chakula kinapita, usingizi haupo. Sukari ikipanda, lenzi hubadilika umbo na uoni unayumba kwa siku au wiki. Basi kabla ya kununua miwani, pima sukari. Na kukaa eda hakumzuii mama kwenda hospitali anapougua; mashekhe wenyewe watakwambia hivyo ukiwauliza.

## Dalili na maana zake

Tangu nianze kesi ya kiwanja naona doa la kivuli katikati ya jicho moja. Ni nini?

Huenda ni maji yaliyojikusanya chini ya sehemu ya katikati ya retina. Huwapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 20 na 50. Rangi hufifia, fremu ya mlango huonekana imepinda, na vitu huonekana vidogo kuliko vinavyoonekana kwa jicho la pili. Msongo umehusishwa na hali hii kwa muda mrefu.

Kichochezi kinachojulikana vizuri zaidi ni dawa za steroidi: vidonge vya prednisoloni, sindano, za kupulizia, hata za kupaka. Hapo ndipo mkorogo unapoingia. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali kama klobetasoli, na mtu akiulizwa "unatumia dawa yoyote?" hujibu hapana, kwa kuwa kwake ile si dawa bali ni urembo. Itaje. Daktari hayupo pale kukusema rangi yako.

Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu au minne, ingawa kwa baadhi hurudi. Steroidi za vidonge usiziache ghafla kwa uamuzi wako, kuna madhara. Kujifuatilia nyumbani, chukua ukurasa wa daftari la hesabu la vyumba, tia nukta katikati, ziba jicho moja na uitazame nukta kwa umbali wa kusomea. Mistari ikizidi kupinda au vyumba vikipotea, rudi kliniki kabla ya tarehe yako.

Naona mistari ya msumeno inayometameta, kisha kichwa kinauma. Macho yangu yanakufa?

Hiyo mara nyingi ni kipandauso. Mng'aro huanza mdogo, hutanuka, huonekana hata ukifumba macho, na kwa kawaida hauzidi saa moja. Msongo, usingizi mchache na njaa huuchochea. Ramadhani huwakuta zaidi waliozoea kahawa wakaikata siku moja. Ikiwa ni mara ya kwanza na umevuka miaka 50, au ni jicho moja tu, pimwa.

Dalili zipi ni za kukimbilia hospitali leo, si kesho?

Uoni wa jicho moja kuzima ghafla bila maumivu: mshipa wa damu wa retina unaweza kuwa umeziba, na retina iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Vimulimuli vipya, nukta nyeusi nyingi zinazoelea na pazia linaloshuka: retina inabanduka. Maumivu makali ya jicho pamoja na kutapika na duara za rangi kuzunguka taa: ni ile glakoma ya ghafla. Uoni kupotea pamoja na mdomo kwenda upande au mkono kulegea: kiharusi. Jeraha lolote la kitu kilichochoma, na kemikali yoyote. Kwa kemikali osha kwanza kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15 hadi 30, ndipo uondoke.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayotakiwa kusubiri mume arudi kutoka baharini au mwenye gari apatikane. Bodaboda ipo.

## Jicho zima, lakini mtu haoni

Daktari kasema jicho halina kitu, ila mimi sioni. Ina maana naigiza?

Hapana, na neno "kuigiza" limeumiza watu wengi. Ipo hali ambapo jicho, mshipa wake na hata picha za ubongo havionyeshi kidonda chochote, lakini mtu haoni, au anaona kama kupitia bomba. Ubongo uliozidiwa huweza kukata njia ya kuona kama unavyoweza kukata sauti au nguvu za miguu. Mgonjwa hakuamua, na hawezi kuamua kuacha.

Jambo hili lina kumbukumbu ndefu. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari walipokea askari waliopofuka bila jeraha la jicho. Miaka ya 1980, huko Long Beach, California, wanawake wakimbizi kutoka Kambodia walifika kwa madaktari wakiwa hawaoni, ilhali macho yao yalikuwa mazima. Walikuwa wamepitia utawala wa Khmer Rouge, na wengi walishuhudia ndugu zao wakiuawa. Sielewi jinsi mtu anavyoweza kusoma habari hiyo kisha akasema "anajitia tu".

Daktari huitambua kwa ushahidi. Mboni hujibu mwanga kama kawaida. Kioo kikubwa kikiyumbishwa mbele ya uso, macho hukifuata bila mwenyewe kukusudia. Na mtu anayeona kwa bomba kwa sababu ya glakoma, ukimrudisha nyuma mbali na ubao, eneo analoliona hupanuka. Kwa hali hii hubaki lile lile. Lakini ugonjwa wa kweli wa jicho na hali hii vinaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja, kwa hiyo tarehe ya kurudi isipuuzwe hata baada ya kuambiwa "jicho ni zima".

Hupona?

Wengi hurejewa na uoni, watoto hasa. Kinachosaidia ni maelezo ya upole kwamba jicho halijafa na kuona kunatarajiwa kurudi, pamoja na mtu wa kuzungumza naye lile lililotokea, kwa wakati atakaoweza. Kumshtua, kumzaba kofi au kumtega mbele ya watu huzidisha. Ikiwa chanzo bado kipo nyumbani, tuseme mume anayepiga, uoni unaweza kurudi ukapotea tena. Hapo dawa si ya macho. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo kwenye vituo vya polisi.

Nyumbani wanasema ni jini au husda. Nifuate nini?

Hospitali kwanza, kwa sababu moja tu: baadhi ya magonjwa ya macho yana saa, na jini, kama yupo, hana. Baada ya hapo, kusomewa dua kunawatuliza wengi na hakuna ubaya wowote. Kombe, yaani maandishi ya Qur'ani yaliyooshwa kwa maji, kulinywa ni jambo lako; kulitia jichoni usikubali. Zafarani, marashi na maji ya kisima havikutengenezwa kwa ajili ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, na hukumu hiyo hiyo ni ya maziwa ya mama, mkojo, asali na maji ya majani.

Mwanangu wa darasa la saba anasema haoni ubaoni, ila anaona katuni kwenye simu. Nimwadhibu?

Usimwadhibu. Kuona simu ya karibu na kutoona ubao wa mbali ndiyo dalili kuu ya mtoto anayehitaji miwani, basi hajasema uongo wowote. Akipimwa akaonekana hana tatizo, hali iliyoelezwa juu huwapata watoto pia, mara nyingi karibu na mitihani, baada ya kuhamishwa shule, au nyumba inapovunjika. Muulize akiwa peke yake, bila haraka, kama kuna mtu anayemwogopa. Ukishuku anadhulumiwa, namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, bila malipo.

## Majeraha ya mwili

Kazi zetu za hapa zina hatari gani kwa macho?

Mkonge kwanza. Ncha ya jani lake ni mwiba, na mwiba wa mmea ukikwaruza kioo cha jicho huweza kuacha fangasi. Siku ya kwanza jicho linawasha tu. Wiki ya pili kuna kidonda cheupe. Anayefanya kazi shambani na kupata mkwaruzo aende kliniki hata kama haumi, na asitie matone ya steroidi (tazama swali la matone ya dukani).

Baruti ni habari nyingine. Uvuvi huo ni haramu, na umewaachia watu wa pwani hii mikono iliyokatika na macho yaliyotoboka. Ukilipukiwa, usichelewe kwa kuogopa maswali. Jicho lililochomwa lisikandamizwe, lisioshwe, na kilichodumbukia kisivutwe. Lifunike kwa kikombe cha plastiki kilichokatwa ili kisiliguse, kisha nenda. Mlipuko pia huacha kiwewe, na mvuvi anayeshtuka kila wimbi likipiga ubao anahitaji msaada kama yule aliyepoteza kidole.

Nilianguka na bodaboda, sikukatika popote, lakini sasa naona vitu viwili na kusoma kunanichosha.

Mtikisiko wa ubongo huvuruga uwezo wa macho kuelekea pamoja kwenye kitu cha karibu. Mwanga huuma, mistari huruka, kichwa huchoka baada ya ukurasa mmoja. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache, na wengine huhitaji mazoezi ya macho. Kuona viwili kunakoanza siku hizo, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, kutapika au usingizi usio wa kawaida ni kurudi hospitali mara moja. Mwenye kiwewe cha ajali hiyo hiyo atakuwa na dalili zinazofanana, na mara nyingi vyote viwili vipo. Usikubali kuchaguliwa kimoja tu.

Nilipigwa ngumi ya jicho mwaka juzi, likapona. Kuna haja ya kupimwa?

Ipo. Ngumi huweza kurarua njia ya kutolea maji, na presha ya macho ikapanda miaka mingi baadaye bila maumivu. Pima angalau mara moja kwa mwaka. Kwa jeraha jipya la kupigwa, fomu ya PF3 hutolewa polisi. Jicho linalovuja damu litibiwe huku fomu ikifuatiliwa.

Kuhusu mtoto mchanga: usimtikise kwa hasira anapolia. Retina yake huvuja damu, na ubongo pia.

Jicho moja liliumia. La pili linaweza kufuata?

Ni nadra, lakini ndiyo. Kinga ya mwili, baada ya jicho moja kutobolewa, huweza kuligeukia jicho zima wiki au hata miaka baadaye. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alijichoma jicho moja akiwa na miaka mitatu kwenye karakana ya ngozi ya baba yake, na akafikia kupofuka yote mawili. Maandishi ya nukta nundu ni kazi yake. Siku hizi kuna matibabu. Jicho zima likiwa jekundu, likiogopa mwanga au likiona ukungu baada ya jeraha la mwenzake, usisubiri.

## Dawa na pa kwenda

Matone ya dukani yananipa nafuu haraka. Yana ubaya?

Mengi yanayotuliza haraka yana deksamethazoni, ambayo ni steroidi. Wekundu huondoka, na chini yake kidonda cha fangasi hukua. Yakitumika miezi, hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Soma boksi, au mwombe muuzaji akusomee.

Nilipewa amitriptilini ya usingizi na mawazo, sasa sioni karibu.

Dawa hiyo hukausha macho na mdomo na kulegeza ulengaji wa karibu. Mara chache huweza kuchochea ile glakoma ya ghafla. Usiiache bila kumweleza aliyekuandikia. Kipimo hubadilishwa au dawa nyingine hutafutwa.

Nianzie wapi hapa Tanga?

Mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Walio Pangani, Mkinga, Handeni au Lushoto waanze hospitali ya wilaya na wapate rufaa. Kesi nzito za macho hupelekwa KCMC Moshi au Muhimbili. Kwa upande wa akili, mkoa una hospitali ya Lutindi, wilaya ya Korogwe, milimani. Ukitiwa matone ya kupanua mboni, uoni wa karibu utakuwa na ukungu kwa saa kadhaa: usiendeshe, nenda na mtu.

Mama alipofuka kwa glakoma. Sasa anasema anaona watoto waliovaa vizuri wamekaa sebuleni. Amepagawa?

Muulize kama watoto hao wanaongea, na kama anajua si wa kweli. Wakiwa kimya, naye anajua hawapo, huenda ubongo uliokosa picha kutoka machoni unajitengenezea zake. Mwaka 1760 Mswisi Charles Bonnet aliandika habari kama hiyo ya babu yake, aliyekuwa na akili timamu kabisa. Wazee wengi huficha kwa kuogopa kuitwa wachawi au wendawazimu, na hofu hiyo huwatesa kuliko picha zenyewe. Kuwasha taa, kupepesa macho au kuyasogeza kulia na kushoto huzifuta kwa baadhi yao. Kama watoto hao wanazungumza naye, wanamwamrisha, au yeye mwenyewe amechanganyikiwa na majira, mpeleke akapimwe.